Kabla fundi hajakuwashia DMZ kwenye ruta ya nyumbani

Wengi wanaonitafuta wanataka kuziona kamera za nyumbani wakiwa mbali: wana nyumba ya wageni Paje au Nungwi hapa Zanzibar na wenyewe wanakaa Mjini, au wazee wao wako Wete na wao wako Maskati. Wamefungiwa kamera, rekoda imeunganishwa na ruta, na ukiwa ndani ya nyumba picha zinaonekana vizuri kwenye simu. Ukitoka nje, hamna kitu. Fundi akishahangaika kidogo anaingia kwenye ruta, anawasha DMZ, mpangilio wa ruta nitakaoueleza hapa chini, anaielekeza kwenye rekoda. Picha zikija, analipwa, anaondoka. Njia hii imeenea mno, nami naomba uikatae.

Ruta hupewa anwani moja na kampuni ya intaneti, na vifaa vyote vya ndani hutokea kwa anwani hiyo hiyo. Vyenyewe vina anwani za ndani tu, mara nyingi zile za 192.168. Kitu kikija kutoka nje bila ya kuitwa, ruta haijui ni cha nani, inakitupa. Huo ni ulinzi mkubwa na hukuulipia. Poti ni kama mlango wenye namba ambao mawasiliano hupitia, na kufungua poti ni kuiambia ruta kwamba kinachokuja kwenye poti fulani kiende kwa kifaa fulani. DMZ ya ruta za nyumbani inasema jengine kabisa: kila kisicho na mwenyewe, kwa poti yoyote kati ya 65,535, kipelekwe kwa rekoda. Ni sawa na kuacha milango, madirisha na ngazi ya darini wazi ukaenda zako Forodhani.

Na wapitaji wapo. Jambiani nilifungua kumbukumbu za rekoda iliyowekwa hivyo: kurasa kwa kurasa za majaribio ya kuingia kwa jina la admin, usiku kucha, kutoka nchi ambazo mwenye nyumba hana jamaa wala mteja. Hakuna mtu aliyekaa akamlenga yeye. Ni programu zinazozunguka intaneti nzima zikigonga kila anwani. Mwaka 2016 programu ya Mirai ilikamata kamera na rekoda kwa wingi kwa kujaribu tu majina na nywila za kiwandani. Oktoba ya mwaka huo vifaa hivyo vilitumika kuishambulia kampuni ya Dyn, na watu wengi Marekani na Ulaya wakashindwa kufungua Twitter na Netflix. Vilikuwa vitu vya kawaida vya majumbani na madukani.

Sasa, kabla hujagusa chochote, ingia kwenye ukurasa wa ruta utazame anwani iliyoandikwa WAN, yaani ya upande wa intaneti. Halafu fungua tovuti yoyote inayokuonesha anwani yako ya nje. Zikiwa sawa, endelea. Zikitofautiana, au ile ya WAN ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, basi kampuni imekuweka pamoja na wateja wengine nyuma ya anwani moja. Visanduku vya laini ya simu mara nyingi viko hivyo. Hapo fungua poti utakavyo, washa DMZ utakavyo, havitafanya kazi, na nimeona watu wakilipishwa ufundi mara mbili tatu kwa jambo lisilowezekana. Ama iombe kampuni anwani yako mwenyewe, ama tumia VPN, yaani njia ya siri inayoviunganisha vifaa vyako kupitia intaneti, kama Tailscale ambayo haihitaji poti iliyo wazi.

Kama una kisanduku cha faiba cha kampuni na nyuma yake ruta yako, WAN ya ruta yako nayo itaonesha anwani ya ndani. Hapo tu ndipo ninapokubali DMZ: kwenye kisanduku cha mbele, ikielekezwa kwa ruta yako, kwa sababu ruta yako bado inachuja.

Kinachosahaulika zaidi ni kuifungia rekoda anwani. Umeme wetu unajulikana. Ukikatika na kurudi, vifaa vinaweza kugawiwa anwani upya, na ile poti uliyoielekeza kwa rekoda ikaangukia kwenye televisheni. Chukua namba ya MAC, ile ya kukitambulisha kifaa, iliyobandikwa kwenye rekoda, nenda sehemu ya DHCP ya ruta, inayogawa anwani za ndani, uihifadhie anwani moja ya kudumu, mfano 192.168.1.50. Anwani ya nje nayo hubadilika. Ruta nyingi zina sehemu ya DDNS inayokupa jina lisilobadilika la kutumia badala ya anwani hiyo.

Ukurasa wa poti wenyewe ruta nyengine huuita Port Forwarding, nyengine Virtual Server. Unajaza poti ya nje, poti ya ndani, anwani ya kifaa, na TCP au UDP, ambazo ni aina mbili za kusafirisha data. Rekoda za Hikvision kwa kawaida hutumia 8000, za Dahua 37777. Badilisha kwanza nywila ya kiwandani, sasisha programu ya rekoda, na uzime UPnP, ambayo huviachia vifaa vijifungulie poti vyenyewe.

Lakini ukiniuliza ningefanya nini kwa nyumba ya mama yangu, nisingefungua poti ya rekoda kabisa. Ningetafuta ruta yenye WireGuard, ambayo nayo ni VPN, nikafungua poti yake moja tu, UDP 51820. Asiye na ufunguo akigonga hajibiwi chochote, na mimi nikishaunganika naziona kamera kama nimekaa barazani.

Ukimaliza, zima waifai kwenye simu ujaribu kwa bando. Ruta nyingi hazikubali uingie kwa anwani ya nje nawe uko ndani, kwa hiyo watu huvuruga mpangilio uliokuwa sahihi. Na kama DMZ imeshawashwa kwako, izime leo hii kabla hujapanga mengine. Picha zikikosekana siku moja mbili, si neno.