Tarehe peke yake haitoshi: wageni wa ufugaji kuku cheki hivi kabla hujalipa

Habari zenu wafugaji mnaoanza. Najua wengi mshaambiwa muangalie tarehe ya kuisha muda kwenye chakula, chanjo na dawa za kuku, ni kweli angalieni, ila mkiishia hapo mtaumia, maana ile tarehe kiwanda kinaiweka kwa hesabu kwamba mzigo utatunzwa inavyotakiwa, sasa nenda madukani kwetu uone unavyotunzwa.

Chakula kwanza. Ukikuta viroba vya mash, yaani chakula cha kuku kilichosagwa, vimelazwa chini kwenye sakafu, au vimeegemea ukuta wenye unyevu, au viko barazani jua linavipiga kutwa, ondoka. Unyevu unaleta ukungu na ukungu unaleta sumukuvu, ileile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 waliokula mahindi yenye hiyo sumu. Kuku inampiga ini, anadumaa, mayai yanapungua, halafu hata chanjo unayompa mwili haushiki vizuri. Na msidanganywe eti ukianika au ukikaanga inaisha, haiishi. Ukungu unauona lakini sumu huioni, ndo maana mi naangalia stoo kwanza kabla ya kiroba.

Kama wanapima kwa kilo omba uzamishe mkono mpaka katikati ya gunia, juu patakuwa pakavu siku zote, huko kati ndo kwenye habari: ukisikia joto au mabonge, acha. Nusa pia. Mash nzuri inanukia nafaka na dagaa, ikinuka mafuta yaliyochacha au uvundo sio ya kununua, na mashudu ya alizeti muwe nayo makini zaidi kwa sababu yana mafuta yanachacha haraka. Halafu acheni kulundika jamani. Kuku wa mayai 100 wanakula kama kilo 12 kwa siku, ukinunua viroba 20 vya kilo 50 kisa bei imeshuka, kile cha mwisho utakifungua karibu miezi mitatu baadaye, vitamini zimeshapungua, na mara nyingi ile bei imeshuka kwa sababu mzigo ni wa zamani.

Sasa chanjo, hapa ndo naomba mnisikilize kweli. Chanjo nyingi za kuku zinatakiwa nyuzi joto 2 mpaka 8 muda wote. Muuzaji akikutolea chanjo ya Gumboro au La Sota (hii ni ya kideri, yaani Newcastle) kwenye droo au kwenye shelfu, hata kama bei ni ya kutupa, usichukue, unanunua maji. Uliza umeme ukikatika wanafanyaje, mwenye friji ya kueleweka hatakasirika. I-2 ya kideri inayotengenezwa hapahapa na TVLA, wakala wa serikali wa maabara za mifugo, inavumilia joto kuliko nyingine lakini hiyo sio ruhusa ya kuiweka dirishani. Wewe nenda na chupa ya chai yenye barafu, na ukishachanganya uitumie ndani ya saa moja au mbili, inayobaki usiitunze.

Dawa za kawaida: OTC (antibiotiki ya oxytetracycline) ya sindano ikiwa imegeuka nyeusi, kizibo cha mpira kimeshatobolewa, dawa ya minyoo ya maji unatikisa lakini mabonge hayaachii, vitamini ya unga imegandana, zote hizo hapana. Stika ya tarehe iliyobandikwa juu ya tarehe nyingine hapana kabisa. Na kuna huu mchezo wa kufungua kopo na kukupimia vijiko kwenye kifuko cha nailoni, naelewa unasaidia asiye na hela ya kopo zima, ila hapo huna tarehe, huna namba ya bechi, hujui kopo limefunguliwa lini. Bora mchange wafugaji wawili watatu mnunue kopo zima likiwa na sili yake.

Dai risiti, na kichupa kikiisha usikitupe haraka, kuku wakianza kuumwa afisa mifugo atataka kujua ulichowapa, na bechi iko pale.