Barua kwa mwanangu aliye Yokohama: je, alumina umeikausha?

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Tanga. Sisi sote hatujambo, na bibi yako bado anadai umekonda kwenye picha.

Ujumbe wako nimeusoma. Umesema profesa amekupa kazi ya kutengeneza upya sampuli za C12A7, ile kampaundi ya chokaa na alumina (oksidi ya aluminiamu), jambo ambalo wenzenu wa hapo hapo waliliandika tangu 2003, na wewe unaona shahada ya uzamili ni miaka miwili tu na ufadhili una mwisho. Unauliza kama umwombe mada mpya. Swali zuri. Lakini kabla sijaligusa nataka kujua: ile alumina yako, uliikausha kabla ya kuipima?

Nauliza kwa sababu C12A7 naijua kwa upande wake mbaya, kutoka kwenye kazi yangu ya sementi. Nyumbani kwetu jina hilo limesikika mno. Aluminati za namna hiyo zikizidi kwenye klinka, yale mawe ya tanurini yanayosagwa kuwa sementi, sementi inashika upesi mno, fundi hajamaliza hata kuisambaza. Ndiyo maana siku niliposoma kwamba Hideo Hosono na wenzake, pale ilipokuwa ikiitwa Taasisi ya Teknolojia ya Tokyo, wameifanya ipitishe umeme, chakula kilipoa mezani na mama yako mpaka leo hajanisamehe. Chokaa na alumina! Alumina ndiyo ile keramiki nyeupe ya plagi ya pikipiki, imewekwa pale makusudi izuie umeme. Na hawa walichukua vitu viwili vilivyojaa ardhini, bila madini adimu hata chembe, wakapata kitu kinachopitisha umeme na kinachokaa salama hewani kwenye joto la kawaida. Furaha ile haijaniisha.

Siri iko kwenye vizimba, vile vitundu vidogo ndani ya fuwele, nawe unajua. Kila kijumba cha fuwele kina upana wa nanomita 1.2 hivi na vizimba 12, na viwili kati ya hivyo vimeshika ioni ya oksijeni. Zitoe ioni hizo, zinabaki elektroni 4 mahali pake, yaani kama 2.3 × 10²¹ kwa kila sentimita ya ujazo. Lakini kizimba hakichagui mgeni. Molekuli moja ya maji ikiingia inaungana na ile oksijeni, zinakuwa ioni mbili za hidroksidi, na mpango wako wa elektroni umeharibika kabla hujaanza. Kwa hiyo nitasema nilichokisema siku zote: kausha kwanza, pima baadaye.

Tuchukue gramu 10 za C12A7. Unahitaji gramu 8.66 za kalsiamu kaboneti na gramu 5.15 za alumina ya gama. Jumla 13.81, kaboni dioksidi ikishatoka, gramu 3.81, zinabaki 10.00 kamili. Sasa tuseme alumina imevuta maji asilimia 3 tu, na alumina ya gama inavuta maji kwa pupa. Umepima 5.15, kumbe alumina ya kweli ni 4.99. Kalsiamu imezidi, na ziada hiyo haikai bure, inatengeneza C3A, ndugu yake C12A7 mwenye chokaa nyingi zaidi. Nimepiga hesabu: asilimia 3 ya maji inakupa karibu asilimia 5.5 ya C3A katika sampuli yako. Kosa limekaribia kuongezeka mara mbili, na wewe utakuwa unalaumu tanuri.

Basi alumina iingie tanurini kwenye nyuzi 600 kwa saa kadhaa, kaboneti kwenye 200 inatosha, vyote vipoe ndani ya kikaushio, kile chombo cha kufunga chenye jeli ya silika ya kunyonya unyevu, na upime mara tu vinapofikia joto la chumba. Usiache chombo wazi ukaenda kunywa chai. Juni na Julai huko kwenu ni mvua, hewa ni nzito kama ya huku wakati wa masika. Saga kwenye kinu cha akiki, kandamiza vidonge, pandisha hadi 1000 ukae hapo mpaka kaboni dioksidi iishe, kisha 1300 hadi 1350. Ukifika juu ya hapo kuwa mwangalifu, maana karibu na 1415 inayeyuka na itashikamana na chombo.

Kupoza ndiko wengi wanakoharibu. C12A7 inavuta maji mengi zaidi karibu na nyuzi 950, si ikiwa baridi. Ukiliacha tanuri lipoe polepole katika hewa yenye unyevu, linapita hapo taratibu na vizimba vinajaa. Pitisha gesi kavu wakati wa kupoza. Kisha rudi kwenye mizani: kama zimetoka gramu 10.13 badala ya 10.00, hiyo ni asilimia 1.3, ndicho kiasi cha juu kabisa cha maji kinachoweza kuingia. Mizani inakwambia haya bure, kabla hujapanga foleni ya mashine ya eksirei inayotambua fuwele zilizomo.

Unamkumbuka yule kijana aliyekuwa akija kula kwetu Jumapili, aliyekufundisha baiskeli? Hukuwahi kuambiwa kwa nini aliacha kuja. Yeye ndiye aliyekuwa akipika sampuli za kulinganishia maabara. Kila alichopika kilitoka na C3A. Wakubwa wakasema thamokapo, yaani kipima joto cha tanuri, inadanganya, wakaagiza nyingine, ikakawia bandarini, ikafika, ikafungwa, na C3A ikatoka vilevile. Ndipo wakasema basi ni mkono wake. Akahamishiwa upakiaji wa mifuko. Ameshaondoka ndipo mtu akachungulia chini ya kikaushio akaona jeli ya silika yote ni ya waridi, hakuna punje hata moja ya bluu. Ilikuwa imeshiba maji tangu lini, nani anajua. Hakuna aliyemrudisha kijana, wala aliyemwomba radhi. Alikuwa na mikono mizuri kuliko wote mle ndani. Jambo hili bado linanichoma, na ndiyo maana nakuuliza habari ya alumina wakati wewe umeniuliza habari ya mada.

Sasa utaniambia: Baba, hata nikikausha kila kitu, bado narudia kazi ya watu. Hapo una hoja. Mwaka 2003, ili kuitoa ile oksijeni vizimbani, walitumia fuwele na mvuke wa kalsiamu kwenye nyuzi 700, hadi saa 240. Baadaye wakaja na titaniamu kwenye 1100 kwa siku moja, kwa kuwa kalsiamu huacha ganda la oksidi juu ya sampuli linalozuia njia. Mwaka 2012 wakaweka rutheniamu, metali ya kichocheo, juu yake ikatengeneza amonia bila ile migandamizo mikubwa ya viwandani. Njia imeshapitwa, nyayo zinaonekana. Kijana mwenye akili akitaka kupita kwingine, nimlaumu?

Lakini tazama jambo la 1967, katika taasisi hiyo hiyo. Mapishi ya poliasetilini, aina ya plastiki, yalikuwa yanarudiwa, kichocheo kikatiwa kama mara elfu ya kiasi kilichotakiwa, na badala ya unga mweusi ukatokea utando unaong'aa. Utando huo ukafungua njia ya plastiki zinazopitisha umeme, na Hideki Shirakawa akapata Nobeli mwaka 2000 pamoja na Heeger na MacDiarmid. Watu hupenda kusema ni bahati. Mimi naona waliweza kufuatilia nyuma wakajua nini kilitiwa na kwa kiasi gani. Bila hivyo ule utando ungetupwa pamoja na takataka za chupa. Na bado, haki isemwe, kisa kimoja si ushahidi. Wangapi wamerudia mapishi ya wenzao miaka miwili wakatoka na mapishi yaleyale?

Ulimi unaniwasha, mwanangu. Nina jibu langu na nadhani umeshalisikia. Lakini nilikwambia uwanjani pale Dar siku ya kuondoka kwamba mambo ya maabara yako nitayaacha yawe yako, na profesa anaona usichokiona wewe wala mimi. Amueni ninyi wawili.

Ila kabla hujaenda kumwona, nifanyie hili. Ukifunga kidonge na titaniamu ndani ya mrija wa silika, uupashe moto mrija huku pampu inavuta, ndipo uufunge. Unyevu ukibaki ndani, titaniamu itajichosha nao kabla haijagusa vizimba. Kidonge kikitoka cheusi, usishangilie. Kivunje katikati uangalie: ukiona kiini cha kijani au cheupe, oksijeni ya ndani bado ipo, na kipimo chako cha umeme kitakuwa cha ganda tu.

Na nitumie chati ya eksirei, kutoka digrii 32 hadi 35 za pembe, kwa hatua ndogo za 0.01. Kilele cha C12A7 kiko 33.4 na cha C3A kiko 33.2, vimebanana kiasi kwamba kwa hatua kubwa utaona mlima mmoja na kudhani sampuli ni safi. Itume usiku wako wowote, nitaifungua alfajiri kabla sijakwenda kazini.

Mama yako anauliza kama ile dagaa imefika au imezuiwa forodhani.

Baba yako