Laki nane Masaki?

Dada, umeuliza kama laki nane kwa mwezi inatosha apatimenti ya vyumba viwili Masaki, Dar es Salaam, uwe karibu na bahari. Nikwambie ukweli, utazunguka na madalali mpaka soli za viatu ziishe. Angalia Msasani ya ndani, Kawe au Kigamboni; upepo ni uleule. Kigamboni piga hesabu ya pantoni, au tozo ya Daraja la Nyerere kama una gari.

Kinachoumiza zaidi ni kuanza. Wengi wanataka kodi ya miezi 6 kwa mkupuo, na dalali naye anadai ya mwezi mmoja. Ukitajiwa bei kwa dola, kataa: tangu Machi 2025 kanuni zinataka bei za ndani ziwe kwa shilingi.

Halafu chumvi! Mimi nilipanga karibu na ufukwe, mwaka haukuisha kiyoyozi kikaliwa na kutu, mwenye nyumba akasema ni juu yangu. Mkataba useme nani anatengeneza. Uliza kama LUKU, yaani mita ya umeme, ni yako peke yako au mnachangia. Na fungua bomba uyaonje maji. Mengine ni ya kisima, ukipika chai unakunywa bahari.