Barua kwa mwanangu aliye Doha: mjukuu wangu asome wapi

Mwanangu kipenzi,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiza, nikaurudia, nikaona nisikujibu kwa sauti. Jambo lenyewe linataka mtu akae nalo.

Umesema mnarudi Mombasa Desemba, inshallah, na mjukuu wangu ataingia Gredi 1 Januari. Mume wako anataka akademi ya Nyali wanakosoma watoto wa rafiki zake. Wewe umeanza kufikiria kumsomesha nyumbani kwa mtaala wa Uingereza kupitia intaneti, kwa sababu mwenzako hapo Doha anafanya hivyo na watoto wake wanaendelea vizuri. Mamake mume wako anasema shule ya serikali ndiyo iliyowasomesha nyinyi nyote. Ukamaliza kwa kuniuliza: "Mama, wewe ni mwalimu, ungempeleka wapi?"

Ningempeleka shule ya serikali, moja kati ya zile mnazoweza kufika kwa miguu kutoka Mikindani, kwa miaka mitatu ya mwanzo. Pesa za akademi ningeziweka. Nitakueleza kwa nini, na pia ni wapi ningebadili uamuzi wangu.

Kuanzia Gredi 1 hadi 3 mtoto ana kazi moja kubwa, kujua kusoma, na kusoma akielewa. Hisabati ipo, mazingira yapo, dini ipo. Lakini akifika Gredi 4 hasomi, kila somo litamlemea, maana kuanzia hapo masomo huongezeka na kila moja lina kitabu chake. Nimefundisha madarasa ya chini karibu maisha yangu yote ya kazi. Nimewaona watoto waliopanda mpaka darasa la nane wakinakili ubaoni kwa mwandiko mzuri kabisa, na ukiwapa aya ya gazeti hawaimalizi. Wale wa Uwezo, shirika lililoanza kuwapima watoto kusoma nyumba kwa nyumba mwaka 2009, walikuta watoto wengi wa darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi ya darasa la pili. Sisi walimu hatukushangaa. Tulikuwa nao kila siku.

Mtoto wa Mombasa ana bahati ambayo wazazi wengi hawaithamini. Lugha ya uani kwao, Kiswahili, ni lugha inayosomeka upesi. Ba, be, bi, bo, bu. Akishazishika silabi anasoma neno lolote, hata asilowahi kuliona, kwa sababu herufi zetu hazimgeuki. Nimeona mtoto akianza Januari hajui kushika penseli vizuri, na kabla ya Agosti anasoma mabango ya maduka njiani akirudi nyumbani. Kwa Kiingereza safari hiyo huwa ndefu zaidi, kwa mtoto yeyote. Tangu ripoti ya elimu ya kamati ya Gachathi ya mwaka 1976, sera yetu imekuwa kwamba mtoto wa madarasa ya chini afundishwe kwa lugha ya eneo anakoishi. Kwetu lugha hiyo ni Kiswahili. Shule nyingi za praiveti hazifuati, kwa sababu mzazi analipa ili asikie mwanawe akisema Kiingereza mlangoni. Na zipo ambazo mtoto akinaswa akizungumza Kiswahili huvishwa diski, kibao cha aibu, shingoni mpaka amnase mwenzake. Mtoto wa Mvita aaibishwe kwa Kiswahili, hapa hapa Mombasa! Hilo sitalikubali kwa mjukuu wangu, na mwambie mume wako nimesema.

Tena yeye Kiingereza anacho. Nikizungumza naye kwa simu ananielewa kila neno, ila ananijibu kwa Kiingereza. Kiingereza atafundishwa kama somo tangu Gredi 1, na Gredi 4 ndicho kitakachotumika katika masomo mengi. Hakitampotea. Kinachoweza kumpotea ni hiki cha nyanya yake.

Sasa shule ya serikali yenyewe, usije ukadhani naipamba. Rais Kibaki alipofuta karo ya msingi Januari 2003 tulipokea watoto mpaka wengine wakakaa sakafuni, na tangu hapo madarasa ya mjini hayajapungua sana. Serikali humtolea mtoto wa msingi shilingi 1,420 kwa mwaka, na hata hizo mara nyingine huchelewa. Ndiyo maana utaombwa pesa za walimu wanaoajiriwa na bodi ya shule, za mlinzi, za lanchi. Wakati wa kaskazi darasa la mabati hupikika ikifika saa nne. Kuna shule ambayo vyoo vyake singetaka mtoto yeyote aingie. Hayo yote yapo.

Yapo na mengine ambayo hayaonekani kutoka barabarani. Mwalimu wa serikali ana mafunzo na ana nambari ya TSC, tume inayowasajili na kuwaajiri walimu. Mwaka 2015 mradi wa kusoma wa Tusome ulipoingia shule zote za msingi za serikali, kwa mara ya kwanza katika kazi yangu kila mtoto alishika kitabu chake cha Kiswahili na cha Kiingereza, badala ya wanne kukizunguka kimoja. Afisa alikuja na tableti, akakaa nyuma ya darasa, akamsikiza mtoto mmoja mmoja akisoma kwa dakika moja, kisha tukazungumza. Walimu walioshika mafunzo yale bado wamo madarasani. Na katika akademi zetu za mtaani, hasa zile za karo ndogo, wengi ni vijana waliomaliza sekondari juzi, wanalipwa kidogo, na wakipata kazi nzuri zaidi wanaondoka katikati ya muhula. Mtoto wa Gredi 1 akibadilishiwa mwalimu mara mbili kwa mwaka hupotea. Akademi ya Nyali haiko hivyo, najua. Huko kuna walimu wazuri na darasa dogo, na kwa muhula mmoja shule za namna hiyo huweza kukutoza kinachozidi mshahara wa mwalimu wa mwezi mzima.

Hapo ndipo ninapotaka uhesabu nami, na tuanze na saa kabla ya pesa. Kutoka Mikindani mpaka Nyali basi la shule litapita Changamwe, Kibarani, Makupa, lizunguke kuchukua watoto kisiwani, halafu daraja la Nyali. Mtoto wa miaka sita ataamshwa kabla ya alfajiri kupambazuka, na jioni atarudi foleni ya Kibarani imemchosha, hana nguvu ya kusoma wala ya chuoni, madrasa. Na karo ile mtailipaje? Duka lenu la mabuibui Mwembe Tayari litakuwa changa. Mtafungua mapema na kufunga usiku ili shule ilipwe, na hapo hakuna atakayebaki nyumbani wa kumsikiza akisoma. Dakika ishirini kila siku mtu mzima amekaa ubavuni mwa mtoto, mtoto anasoma kwa sauti, mtu mzima anasikiza, anamwacha ajikwae, kisha anamsaidia: kwa umri huu sijaona kinachozidi hilo, si kompyuta, si bwawa la kuogelea.

Gredi 1 ya serikali hutoka mapema mchana, na najua utaniuliza nani atamchukua. Mimi. Kutoka hapa Changamwe mpaka kwenu ni tuktuk moja. Atakula, atalala kidogo, tutasoma, kisha nitampeleka madrasa baada ya Alasiri. Jumamosi na Jumapili asubuhi pia ana chuo, kama ulivyokuwa wewe. Mkipenda zile shule zinazochanganya Kurani na masomo ya kawaida chini ya paa moja, zipo nyingi hapa na baadhi ni nzuri, ila karo zake pia ni za praiveti, na umbali uupime vilevile.

Kuhusu kumsomesha nyumbani, sikudharau. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa korona hadi zilipofunguliwa kikamilifu Januari 2021, Mombasa nzima ilikuwa ikisomesha nyumbani. KICD, taasisi ya serikali ya mitaala, ilirusha vipindi redioni na kwenye televisheni. Hapa katika ploti yetu nilishuhudia watoto wa darasa moja. Aliyekuwa na mama aliyekaa naye kila asubuhi alirudi shule akiwa mbele. Aliyeachiwa simu na vipindi peke yake alirudi amesahau hata alichokuwa anakijua. Kwa hiyo kusomesha nyumbani kunawezekana, kwa mzazi ambaye kazi yake ya mchana ni hiyo tu. Mwenzako wa Doha hafanyi kazi ya nje, umeniambia mwenyewe. Wewe utakuwa na duka.

Iko na sheria. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto shule na ahakikishe anahudhuria. Wako Wakenya wanaosomesha nyumbani, na wako wazazi waliofikishwa mahakamani kwa hilo. Halafu kuna njia ya mitihani. Siku hizi mtoto hapimwi mara moja mwishoni kama wakati wenu wa KCPE, mtihani wa darasa la nane, ambayo ilikwisha 2023. Kuingia Gredi 10, mtihani wa Gredi 9 ni asilimia 60, ule wa Gredi 6 ni 20, na 20 nyingine ni tathmini za shuleni za Gredi 7 na 8. Aliye nje ya shule iliyosajiliwa atazipata wapi? Ukishika mtaala wa Uingereza umeshika mpaka mwisho, na gharama zake mpaka mwisho. Angekuwa mgonjwa, au ana hali ambayo shule hawaiwezi, ningesema mengine. Huyu ni mzima, na mara ya mwisho mlipokuja alikuwa akilia kila watoto wa jirani walipoitwa ndani jioni.

Pesa ninazokuambia uziweke, nitakuambia za wapi. Ni za Gredi 7. Mwaka 2023 serikali iliiweka sekondari ndogo, yaani Gredi 7 hadi 9, ndani ya shule za msingi, na shule nyingi hazikuwa na maabara wala walimu wa sayansi wa kutosha. Pengine kufikia wakati wake mambo yatakuwa yametengenea. Yasipotengenea, hapo ndipo praiveti nzuri itakapokuwa na kitu cha kukuuzia: maabara, mwalimu wa fizikia, kundi dogo. Kisha Gredi 10, mtoto anapochagua kati ya sayansi, masomo ya jamii, na sanaa na michezo, na labda aende bweni. Katika mfumo wenu wa zamani kiwango cha serikali kwa shule za kitaifa kilikuwa shilingi 53,554 kwa mwaka, bila sare, nauli na godoro. Nimewaona wazazi waliomaliza akiba katika miaka ya kuimba na kupaka rangi, na mtoto alipofaulu wakawa hawana cha kumpelekea. Inauma sana, mamangu, kuliko darasa lenye joto.

Nitabadili maneno yangu haya yakitokea. Gredi 2 ikimalizika na mjukuu wangu hasomi hadithi fupi ya Kiswahili mwenyewe, tumtoe, hata kama ni praiveti. Akipigwa, tumtoe siku hiyo hiyo; kiboko kimekatazwa na sheria, ingawa wako wenzangu wanaokitumia bado. Na mkiamua kuishi Nyali badala ya Mikindani, tupige hesabu upya, kwa sababu umbali ndio unaonisukuma nusu ya haya.

Muhula wa tatu hufungwa mwishoni mwa Oktoba, kwa hiyo mkirudi Desemba mtakuta shule tupu na mabango ya rangi tu. Nitazunguka mimi Septemba. Kuna tatu nilizo na nia nazo kati ya Mikindani na Changamwe, na hiyo ya Nyali pia nitaifikia kwa haki ya mume wako. Sitauliza wastani wao wa mitihani. Nitaomba daftari za Gredi 1 nione kama zimesahihishwa na nani, nitaangalia choo cha watoto, nitauliza mwalimu wa Gredi 1 amekaa hapo tangu lini, na nitamwomba mtoto wa Gredi 3, asiyechaguliwa na mwalimu mkuu, anisomee ukurasa mmoja.

Wewe kwa upande wako shughulikia cheti chake cha kuzaliwa. Kama kimeandikwa Kiarabu, kitafsiriwe Kiingereza na upate muhuri wa ubalozi kabla hamjaondoka, maana huku mtoto hasajiliwi vizuri bila cheti na kukitafuta kutoka Mombasa kutakutesa. Nitumie nakala kwa WhatsApp pamoja na kadi yake ya chanjo. Na barua hii msome pamoja na mume wako, kisha mnipigie Ijumaa baada ya swala. Nataka nimsikie na yeye.

Mamako