Mleta uzi, weka hiyo chupa ya soya chini kwanza

Salamu baadaye. Nimesoma swali lako mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama. Umeuliza mambo manne: mtu anayetaka kula Kijapani apungue kilo 12 atumie mchele gani, chai ya kijani inywewe kabla au baada ya chakula, vijiti vina msaada wowote, na chakula cha jioni kiwe saa ngapi. Maswali mazuri, sina ugomvi nayo. Lakini katikati hapo, ndani ya mabano, kama kitu kisicho na uzito, umeandika: "nitaacha chumvi nitumie soya sosi, na supu ya miso bakuli tatu kwa siku, maana nina presha kidogo."

Mkuu. Presha kidogo, halafu soya?

Sentensi hiyo hiyo niliiandika mimi kwenye daftari mwaka 2016. Ilinikosesha harusi ya dada yangu, ikala tiketi ya ndege, ikanilaza siku sita kwenye kitanda kifupi kuliko miguu yangu. Kwa hiyo nisamehe nikipandisha sauti. Wanasema ukiona mwenzio ananyolewa, wewe tia maji. Mimi nimeshanyolewa, tena kwa wembe butu.

Nilikuwa nimepata nafasi ya kusoma Japani, mji wa Akita, kaskazini huko kwenye theluji. Naondoka Dar nina kilo 97 na kidonge kimoja cha presha kila asubuhi. Kabla ya safari nikamlipa bwana mmoja wa mtandaoni, "mtaalamu wa lishe", shilingi 35,000. Nikapewa faili la kurasa 22 na kuingizwa kwenye kundi lake la WhatsApp. Ukurasa wa kwanza mlima Fuji, wa pili bibi kizee anacheka. Kilichofuata ni haya: Wajapani hawanenepi kwa sababu hawatumii chumvi, wanatumia soya. Supu wanakunywa mpaka tone la mwisho, tumbo linajaa maji badala ya wali. Na vyakula vilivyochachushwa vinasafisha damu, hivyo dawa za presha "utaziacha zenyewe bila kujua."

Nikaziacha. Na nilijua kabisa kwamba nimeziacha, nilijisifia mpaka kwa mama.

Sasa sikia ambacho yule bwana hakukijua, au alikijua akala pesa akanyamaza. Soya sosi ni chumvi iliyovaa kanzu nyeusi. Kijiko kimoja cha chakula cha soya ya kawaida kina karibu gramu 2.5 za chumvi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima abaki chini ya gramu 5 kwa siku nzima. Yaani vijiko viwili tu umemaliza mgao wako, na hujatia kitu kingine chochote mdomoni. Miso nayo ni maharage ya soya yaliyochachushwa na chumvi nyingi, ndiyo maana inakaa miezi bila kuoza. Wewe unataka kuacha chumvi kwa kuifuata kwenye chupa.

Halafu katika Japani nzima, mimi nikaenda kuiga mlo wa Akita! Ni sawa na mtu anayetaka kuacha pombe akapanga chumba juu ya baa. Watu wa huko zamani baridi ilikuwa inawafungia ndani miezi, hakuna mboga mbichi, kwa hiyo kila kitu kilitiwa chumvi: samaki, figili, majani, mpaka mchuzi wa samaki. Watafiti waliopima kaskazini mwa Japani miaka ya 1950 walikuta watu wanakula takriban gramu 26 za chumvi kwa siku. Kiharusi kiliwaangusha watu wazima shambani kama miti. Hayo hayakuwa kwenye kurasa 22. Mlima Fuji ulikuwepo.

Ratiba yangu ilikuwa hivi. Asubuhi bakuli la miso, mchana bakuli, usiku bakuli, na bakuli langu lilikuwa lile kubwa la tambi, si kile kibakuli kidogo cha supu cha Kijapani, maana mimi ni mtu wa Tanga na nilikuwa na njaa. Pembeni vipande vya iburi-gakko, figili iliyokaushwa kwa moshi kisha ikachachushwa, tamu sana hiyo kitu, nakiri mpaka leo. Soya juu ya wali, juu ya tofu, juu ya yai. Ijumaa rameni, zile tambi za mchuzi za Kijapani, na mchuzi wake naugugumia wote huku wenzangu Wajapani wanaacha nusu kwenye bakuli. Nikawa nawaonea huruma kwamba hawajui mila zao.

Wiki tatu za mwanzo nilipungua kilo 4. Nikatuma picha kwenye kundi, nikapigiwa makofi. Mwezi wa pili mzani ukaanza kurudi: kilo, kilo na nusu, tatu. Soksi zikawa zinaniachia alama kama kamba miguuni. Ukibonyeza kidole juu ya kifundo, shimo linabaki pale linakutazama. Mimi nikadhani ni mafuta! Nikapunguza wali, nikaongeza supu. Chumvi inashika maji mwilini, na mimi nilikuwa naitibu kwa chumvi. Hiyo ndiyo hesabu ya mtu aliyeingizwa mjini.

Kichwa kilipoanza kugonga kila asubuhi nikamwandikia mtaalamu. Jibu lake ninalo hadi leo kwenye simu: "Hiyo ni sumu inatoka, vumilia, ongeza supu." Sumu inatoka! Jamani, hawa watu wana jibu hilo moja kwa kila kitu. Ukiharisha sumu inatoka, ukizimia sumu inatoka, ukifa watasema imetoka yote.

Februari ilipofika, theluji imefika kiunoni. Nimetoka na koleo kusafisha njia mbele ya nyumba, nikainuka, nikaona nyumba ya jirani ina mapaa mawili. Nikakaa chini palepale kwenye theluji. Bibi mwenye nyumba, mama wa miaka 78 hivi, mdogo wa mwili kama mtoto wa darasa la nne, akanikokota mpaka kwenye varanda. Akaleta kipimo chake cha presha, maana nyumba nyingi za wazee kule kipimo kipo kama kwetu ungo ulivyo jikoni. 192 kwa 118. Hakunipa hata chai. Akapiga 119, namba ya gari la wagonjwa.

Hospitali wakanipiga picha ya kichwa, hakukuwa na damu iliyovuja, nashukuru Mungu. Siku sita. Bima ya kule inalipa sehemu kubwa, wewe unachangia asilimia 30, na hiyo asilimia 30 ilitosha kunifanya presha ipande upya. Lakini kilichoniuma ni daktari kukataa nisipande ndege. Tiketi ya yeni 130,000 isiyorudishwa, ya kwenda Tanga kwenye harusi ya dada yangu wa pekee. Harusi niliiona kwa simu, nimelala, mtandao unakatika kila bi harusi akigeuka. Mpaka leo kwenye familia nikichelewa popote wanauliza, "amekunywa supu?"

Kabla ya kutoka nikapelekwa kwa dada wa lishe wa hospitali. Huyu alikuwa ameniambia niletewe supu yangu kutoka nyumbani, bibi akaiweka kwenye chupa ya chai akaileta. Dada akaimimina kwenye kikombe, akachovya kijiti kidogo chenye kioo cha namba. Ikatulia kwenye asilimia 1.4 ya chumvi. Akaniambia supu ya kawaida ni kama 0.8. Akauliza ukubwa wa bakuli. Mililita 300. Akaandika kwenye karatasi mbele yangu, taratibu, kama anamfundisha mtoto: gramu 4.2 kwa bakuli. Mara tatu. 12.6. Kisha akaweka kalamu chini akaniuliza kwa adabu kubwa, "na soya?"

Nikaangalia dirishani.

Bibi ndiye aliyenifundisha kula Kijapani, na hakunitoza hata shilingi 35. Baba yake alikufa kwa kiharusi, anasema majira ya baridi walikuwa wanakula wali, samaki wa chumvi na figili ya chumvi basi. Alinionyesha: soya haimiminwi juu ya chakula, inawekwa tone kwenye kisahani kidogo kama cha mwanasesere, unagusisha ncha ya kipande cha chakula, basi. Supu ni moja kwa siku, na iwe imejaa vitu: figili, karoti, uyoga, tofu, mwani, mpaka maji yatafute pa kukaa. Ladha inatoka kwenye maji yaliyochemshwa na samaki mkavu na mwani, miso inatiwa mwishoni, kidogo. Rameni unakula tambi, mchuzi unauacha. Wale wenzangu niliokuwa nawaonea huruma ndio waliokuwa wanajua.

Nikatoka na kanuni moja, na ndiyo sababu niko hapa saa hizi badala ya kulala: IGA BAKULI, USIIGE CHUPA.

Kinachowafanya wale watu wasinenepe kiko kwenye bakuli. Bakuli la wali la Kijapani linabeba takriban gramu 150 za wali uliopikwa. Niliporudi nyumbani nilipima sahani yangu ya wali wa kawaida, ile mama anapakua bila kukuuliza: gramu 450. Bakuli tatu kwenye sahani moja, halafu nilikuwa nalaumu mafuta ya nazi. Mlo wao wa zamani ni wali, supu moja na vitu vitatu vya pembeni, kila kimoja kwenye chombo chake kidogo, zaidi mboga, samaki, maharage. Na kuna lile neno la wazee wa Okinawa, visiwa vya kusini mwa Japani, hara hachi bu, tumbo sehemu nane kati ya kumi, unaacha kula ungali unaweza kuendelea. Hilo ni la bure, halina chupa, kwa hiyo hakuna mtu atakayekuuzia.

Na tukiwa bado Okinawa: wale wazee waliozeeka wakapita miaka 100 hawakukua kwa rameni wala soya ya kumwaga. Chakula chao kikuu kilikuwa viazi vitamu. Viazi, mkuu! Wewe uko Morogoro, Gairo hapo wanavipanga barabarani kwa ndoo, unakwenda kununua miso ya kopo kwa bei ya mbuzi. Vijana wa Okinawa walipohamia baga na vya kukaanga, wanaume wa mkoa huo wakaporomoka hadi nafasi ya 26 kitaifa kwa umri wa kuishi mwaka 2000. Visiwa ni vilevile, mila ni zilezile, bakuli ndilo lililobadilika.

Upande wa pili kuna Nagano, mkoa wa milimani uliokuwa na jina baya la kiharusi. Wale wakaamua: wahudumu wa kujitolea wakapita nyumba kwa nyumba wakipima chumvi kwenye supu za watu, kama yule dada alivyopima yangu. Takwimu za 2010 zilipotoka, Nagano iliongoza Japani nzima kwa umri wa kuishi, wanaume na wanawake. Wajapani wenyewe walipona walipopunguza kile kile unachotaka wewe kukiongeza.

Mchele ninunue gani, umeuliza. Wa Kyela, wa Mbeya, wa brauni, wowote, ilimradi uingie kwenye bakuli la gramu 150 na usirudi jikoni. Sina zaidi ya hapo kwenye mchele.

Kidonge chako cha presha, kama unacho, usikiguse mpaka aliyekuandikia akuambie. Mimi nilirudi kwenye changu, na kilo zangu 14 nilizopungua baadaye nimezipungua nikiwa nakimeza kila asubuhi kama mtoto mtiifu. Yule bwana wa kurasa 22 nilimtumia picha ya kile kipimo, 192 kwa 118, akanitoa kwenye kundi usiku huohuo. Nasikia sasa anauza za Wakorea.

Fanya hivi sasa hivi kabla hujajibu chochote. Nenda jikoni, igeuze hiyo chupa, tafuta palipoandikwa sodiamu kwa miligramu. Hiyo namba zidisha kwa 2.5, kisha gawa kwa 1000, ndizo gramu za chumvi. Angalia pia ni kwa kijiko au kwa mililita 100, wanapenda kucheza hapo. Halafu kapime presha, maduka mengi ya dawa wana kipimo.

Rudi uandike namba zote mbili hapa. Nipo mpaka saa sita usiku.