Benki imenipeleka kortini, ninyamaze ama niende?

SWALI: Habari zenu. Mimi ni fundi wa nguo hapa Umoja, Nairobi. Nilichukua loni ya laki moja benki nikalipa vizuri mpaka kazi ikaenda chini, nikasimama deni lenyewe bila riba likiwa limebaki 60,000. Ni kama miaka mitatu hivi. Juzi nimetumiwa karatasi za korti kwa WhatsApp wananidai 190,000, Mahakama ya Madai Madogo Milimani. Jamaa wa kukusanya madeni naye anapiga simu kila asubuhi anasema kesho wanabeba cherehani na mimi naenda ndani. Nifanyeje? – Fundi

JIBU: Pole dada, lakini usinyamaze. Ukinyamaza benki inaomba hukumu bila wewe na hiyo 190,000 inapita vile ilivyo, halafu kuanza kuomba ifutwe ni kazi na gharama ingine.

Karatasi za WhatsApp zinahesabika, sheria iliruhusu hivyo tangu 2020. Lakini kwanza chukua namba ya kesi uende rejista ya korti uulize kama ipo kweli, maana kuna watu wa madeni wanaandika barua za vitisho zinazofanana na za korti kabisa. Kama ipo, angalia siku ulizopewa za kujibu, zimeandikwa hapo hapo, uweke jibu kabla ziishe. Hiyo korti inashika madai yasiyozidi milioni moja na unaweza kujisimamia bila wakili.

Sasa tuje kwa hesabu, na hapa ndio kesi yako iko. Kifungu cha 44A cha sheria ya mabenki, wanasheria wanaita in duplum, kinasema loni ikishakwama riba haiwezi kupita deni lenyewe lililokuwa limebaki siku hiyo. Kama ni 60,000 kweli basi riba mwisho ni 60,000 ingine, jumla 120,000 na gharama halali za kufuatilia deni. Hiyo 70,000 ya juu wakuonyeshe imetoka wapi. Kwa jibu lako andika unakubali nini na unapinga nini, uitishe mkataba na stetimenti yote tangu siku ya kwanza, ulinganishe na yako ya M-Pesa mstari kwa mstari, mara nyingi utapata malipo hayakuingizwa ama kuna faini juu ya faini.

(Wengine watakuambia deni likipita miaka 6 limekufa. Lako halijafika, na kulipa hata kidogo ama kukubali deni kwa maandishi kunaanzisha hesabu upya.)

Huyo wa simu anakutisha tu. Kama hukuweka kitu rehani kwa hiyo loni, bila hukumu na waranti ya korti hakuna dalali wa kugusa kitu chako, na hata akija na waranti anaandika mali kwanza halafu anakupa siku 7. Cherehani ndio kazi yako, na kifungu cha 44 cha sheria ya kesi za madai kinakataza kubeba vifaa vya kazi, vitanda na sufuria pia. Kufungwa nako si kwa simu, lazima korti ikuite ujieleze kwanza, na iridhike kuna sababu, kwa mfano kwamba pesa unayo na umekataa kulipa.

Kama hiyo 120,000 unaikubali, omba kulipa kidogo kidogo, lakini taja kiasi ambacho utaweza hata mwezi mbaya, kwa sababu ukiruka moja wanarudi kudai yote mara moja.