Chumvi Ipi Tunapoambiwa Tupunguze Chumvi?

Mama yangu alipogundulika kuwa na shinikizo la damu, ambalo sote mtaani tunaliita presha, alirudi kutoka kliniki na agizo moja aliloshika barabara: apunguze chumvi. Siku hiyohiyo aliondoa kikopo cha chumvi mezani na kunieleza kwamba hatagusa tena chumvi mbichi. Miezi mitatu baadaye presha ilikuwa palepale, na mhudumu aliyempima alimgombeza kwa kutofuata masharti. Mama aliumia sana, kwa sababu masharti aliyafuata yote kama alivyoyaelewa. Hakuna aliyemuuliza anaposikia neno chumvi anaelewa nini.

Katika nyumba nyingi za kwetu, chumvi mbichi ni ile inayonyunyizwa juu ya chakula kilichokwisha kuiva, au juu ya kachumbari na embe bichi. Ile iliyochemka pamoja na mboga huhesabiwa kuwa imeiva, na watu huamini kwamba moto umeiondolea madhara. Mpishi ana sababu ya kuzitofautisha, maana ulimi huiona upesi chumvi iliyokaa juu ya chakula kuliko ile iliyozama ndani ya mchuzi. Mwili hauzitofautishi. Chumvi kavu, bila kutiwa maji, huhitaji joto la nyuzi 801 za Selsiasi ili iyeyuke tu, ilhali sufuria ya mchuzi huchemka kwenye nyuzi 100 hivi, na hata ikiyeyuka bado ni chumvi ileile. Kule Uvinza, mkoani Kigoma, watu walipata chumvi kwa karne nyingi kwa kuchemsha maji ya chemchemi za chumvi mpaka yakauke. Chumvi hiyo ilizaliwa motoni, na haikupungua ukali kwa ajili hiyo.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa anayemuuguza mzazi mwenye presha ni kuacha kuuliza kama chumvi ni mbichi au imeiva, na kuuliza ni kiasi gani. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote kwa pamoja. Kwa kuwa hakuna anayepima mboga kwa mizani, sisi tulitumia pakiti yenyewe. Nyumbani kwa mama wanakula watu watano. Kwa gramu 5 kila mmoja, ni gramu 25 kwa siku, na pakiti ya nusu kilo inapaswa kudumu angalau siku 20. Niliandika tarehe juu ya pakiti siku ilipofunguliwa. Iliisha baada ya siku 11, ambayo ni zaidi ya gramu 9 kwa kila mtu, na hapo kikopo cha mezani kilikuwa kimeshaondolewa zamani.

Hata hesabu hiyo ilikuwa pungufu, kwani kilichomo ndani ya chumvi na kupandisha presha ni sodiamu, nayo huingia jikoni kwa majina mengine. Ng'onda, yule samaki mkavu, ana chumvi, na hilo mama alilijua, ingawa hakuwa akimhesabu. Vidonge vya kukoleza mchuzi, ambavyo aliviita viungo, vimejaa chumvi. Magadi ndiyo yaliyomshangaza zaidi: aliyatia kwenye maharage na kisamvu ili viive upesi, na kwa kuwa ladha yake si ya chumvi hakuwahi kuyahusisha na presha, kumbe nayo ni sodiamu. Ukinunua chakula cha pakiti, tafuta neno sodiamu kwenye maelezo, kisha zidisha kiasi kilichoandikwa mara mbili na nusu ili ujue ni sawa na chumvi kiasi gani.

Sehemu ngumu kuliko hesabu ilikuwa mazungumzo. Nilipomweleza, mama alinijibu, "Mwanangu, mimi nimekula chumvi nyingi, leo ndiyo initishe?" Alikuwa anautumia msemo wetu wa kumsifu mtu aliyeishi miaka mingi, na si rahisi kumbishia mzazi aliyejitetea kwa umri wake. Ukimwambia mtu wa namna hiyo aache chumvi, atasikia unamwambia ale chakula chapwa mpaka afe, nami naona ana haki ya kukataa. Nilimwomba tupunguze robo ya kipimo alichozoea, tukae hivyo majuma machache mpaka ulimi uzoee, ndipo tupunguze tena, huku ndimu, kitunguu saumu na pilipili vikishika nafasi iliyoachwa. Alikubali.

Msikimbilie, hata hivyo, chumvi ya kienyeji isiyotiwa madini joto kwa kudhani kwamba ni salama zaidi kwa presha. Sodiamu yake ni ileile, na mkiizoea mnaikosesha familia kinga ya rovu, yaani uvimbe wa shingoni. Zipo pia chumvi za badala zilizotengenezwa kwa potasiamu, ambazo zinaweza kumdhuru mwenye matatizo ya figo au anayetumia baadhi ya dawa za presha, kwa hiyo daktari aulizwe kabla ya kununua.

Siku hizi nikimsindikiza kliniki, ninamtajia mhudumu magadi, ng'onda na vidonge vya mchuzi kwa majina yake, na ninamwomba amweleze mama kwa vijiko. Juzi nilipita jikoni kwake nikaikuta pakiti juu ya kabati, tarehe ikiwa imeandikwa kwa mwandiko wake mwenyewe. Ilikuwa siku ya 19, na chumvi ilikuwa bado imo.